Kuhitimu Ukorofi

Kiti mlichonipa siku ya kuniaga bado kimevaa nailoni yake. Nimekijaribu. Nakaa, nanyoosha miguu kama mlivyoniagiza, na kabla chai haijapoa nimekwishasimama, niko uani nachungulia kama mlango wa jirani umefungwa vizuri. Hapa Molo, kijijini upande wa Tororo, majirani zangu ni watu wa mihogo na mtama, hawana neno na mtu, na hilo ndilo linalonitesa. Mtu aliyezoea kuitwa kwenye ugomvi akiukosa huanza kuuona hata penye kuku wawili. Mume wangu amenionya kwamba nikiendelea kumhoji juu ya sauti ya redio yake atahamia kwa dada yake kule Merikit.

Mmeniomba niandike machache kuhusu kazi, ili wale watakaoajiriwa wasianze na ujinga nilioanza nao mimi. Haya. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, maana cheo hakijawahi kumsaidia mtu aliyesimama mbele ya mlango uliopigwa teke. Nitaandika juu ya milango, juu ya mwanamke aliyenifundisha kazi, na juu ya familia moja ambayo makao yake mpaka leo yananing'inia kwenye uzi. Mwenye haraka aruke mpaka kwa Jaja Nyafwono. Ingekuwa mimi, ningeruka.

Kwa asiyejua, mradi wetu ulijenga safu mbili za nyumba nje kidogo ya mji wa Busia, upande wa Uganda, ukazipa familia ambazo hakuna mwenye nyumba aliyetaka kuziona tena. Si umaskini tu uliowafikisha pale. Maskini tuko wengi na wengi wetu tunapanga kwa amani. Hizi zilikuwa familia zilizofukuzwa kwa kelele, kwa kupigana, kwa wateja wa pombe kukojoa mlangoni pa jirani, kwa watoto kurusha mawe juu ya mabati ya watu. Na mwenye nyumba wa Busia akikufukuza, wa Malaba amepata habari kabla hujafunga godoro. Ofisini tuliziita familia zenye changamoto za ujirani. Mjini walipaita Kwa Wakorofi. Ukimtajia bodaboda jina la mradi anakutolea macho. Ukimwambia Kwa Wakorofi anakuuliza kwa huruma kama una ndugu kule.

Siku ya kwanza nilifika na sketi iliyopigwa pasi, viatu vya kisigino na faili jipya kifuani. Nikakabidhiwa kwa Bi Taaka. Alikuwa mama mnene wa Busia ya Kenya, aliyewahi kuwa askari wa soko, na kila asubuhi alivuka mpaka kwa miguu kuja kazini. Aliangalia viatu vyangu, akanipa stuli nibebe. Yeye alibeba mfuko wa turubai uliolia chuma ndani. Nilidhani ni pingu.

Nyumba ya kwanza tuliisikia kabla ya kuiona. Mume na mke walikuwa wakirushiana sufuria, na mlango ulikuwa umeshikiliwa na bawaba moja tu. Mimi nilikuwa nimeandaa maswali. Niliyasoma chuoni, yana mishale inayotoka kwenye kiduara kimoja kwenda kingine. Bi Taaka aliweka stuli mlangoni, akakaa, akatoa bisibisi na skrubu kwenye ule mfuko, akaanza kufunga bawaba ya chini. Hakuwasalimia hata. Kule ndani kukanyamaza. Baadaye yule mume akatoka kuja kumwambia kwamba bawaba anaigeuza vibaya. Mke naye akatoka kusema mumewe hajui bawaba wala hajui kitu chochote. Bi Taaka akampa mume ashike mlango, akampa mke ashike skrubu, na mpaka mlango unasimama sawasawa tulikuwa tumekwishasikia yote, tangu mahari mpaka yule mwanamke wa upande wa pili wa mpaka. Maana upande wetu mwanamume akigombana na mkewe haendi kulala kwa mama yake. Anavuka.

Tukiwa njiani kurudi ndipo aliponipa somo, bila kupunguza mwendo, huku mimi nikimkimbilia na visigino vyangu.

"Usiulize mtu swali mikono yako ikiwa mitupu," alisema. "Ukimkodolea macho atakudanganya tu, hata kama hana sababu. Mpe kitu cha kushika, wewe shika kingine. Halafu nyamaza. Na hivyo viatu, kesho wachia sista wako."

Nimefanya kazi hii miaka yote kwa maneno hayo, na yaliyobaki nilijiongezea. Nimesikiliza kesi nikisuka nywele, nikikoboa karanga, nikishika mguu wa mbuzi anayekatwa kwato. Nilijifunza kusoma mlango kabla ya kusoma faili. Mlango uliopigwa teke kutoka nje hung'oka kitasa. Aliyefungiwa ndani akitaka kutoka hung'oa bawaba. Nyumba yenye vitu vizuri na isiyo na kufuli ina mtu ndani ambaye hatoki, basi ulizeni nani anaumwa. Msiende na gari la mradi, kwa sababu gari linaita mashahidi, na watu wenye mashahidi hawapatani. Msiende wakati ugali unasongwa. Mwanamke mwenye mwiko wa moto mkononi ana haki ya kumaliza anachofanya.

Bi Taaka alipostaafu alirudi upande wake akaanza kufuga nguruwe. Nilimkasirikia kwa muda mrefu, kama vile alinitoroka. Alikuwa ameniachia stuli na ule mfuko wa bawaba, na nilikuwa bado namwuliza moyoni kila nilipokwama, ndipo walipoletwa kina Athieno.

Athieno alikuwa mpika malwa, ile pombe ya wimbi, yaani ulezi, inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, na wateja wake walikuwa wamemfukuzisha ploti baada ya ploti. Mumewe, Owor, alikuwa akivusha mizigo ya wachuuzi kwa baiskeli. Walikuwa na watoto wanne na mama yake Owor, Nyafwono, ambaye sote tulimwita Jaja, yaani bibi. Kwa mujibu wa faili, tatizo la familia lilikuwa pombe ya Athieno. Faili lilikosea. Athieno aliacha kupika siku ileile aliyopewa ufunguo, kwa sababu sheria ya kwanza ya mradi ilikuwa hakuna pombe ndani ya uzio. Tatizo lilikuwa Jaja.

Kila asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, Jaja alitoka nje na kigoda chake, akakaa akiwaelekea majirani, na kuanza kuwatukana. Hakutukana ovyo kama mlevi. Alikwenda nyumba kwa nyumba, kwa mpangilio, kwa sauti ya mtu anayeongoza sala. Aliyepata fungu kubwa zaidi ni Ojiambo wa mlango wa pili, Msamia wa Bulumbi, mwanamume mpole mwenye mabega mapana. Jaja alimwambia kwamba hata mende wa nyumba yake wamekwenda kazini yeye bado amelala. Alimwambia mama yake alizaa godoro. Mimi ni mtumishi wa mradi na sikupaswa kucheka, lakini lile la godoro lilinishinda.

Ojiambo hakucheka. Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye yadi ya malori, anarudi asubuhi macho mekundu, na ndipo Jaja anapoanza. Akaanza kusinzia kazini. Bosi wake akamwambia nafasi yake ina wengi wanaoitaka. Majirani wakakutana, wakaja ofisini wote pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze watu wa Kwa Wakorofi walikuwa wameelewana juu ya jambo moja. Walitaka familia ile iondolewe.

Jioni hiyohiyo Athieno alinikuta bombani nikinawa miguu. Alisimama pembeni, amefunga mikono yake kwa leso kama mtu anayesikia baridi.

"Madamu, nikitoka hapa nakwenda wapi na hii watoto?" aliniuliza. "Owor atavuka, mimi namjua. Watoto watagawa kwa wajomba kama vifaranga, mmoja huku, mmoja kule. Na huyu mama, kule Merikit kwao walishafunga mlango sababu ya mdomo yake. Hakuna nyumba ingine. Hii ndiyo ya mwisho."

Nilimwambia tutaona. Ndilo jibu tunalolitoa tukiwa hatuoni chochote, na ninyi mtalitoa.

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Egesa, naye wa Bulumbi, mtu wa tai na wa kanuni, asiyeinua sauti. Alikaa Tororo, alikuja Busia pale ilipobidi. Aliamua tufanye Siku ya Ujirani Mwema. Tulipanga viti vya plastiki kwa duara, tukaleta kreti za soda, kukawa na hotuba. Basi mtu anayejua watu wetu angetuzuia mapema. Kila jirani aliinuka, akachagua chupa yake mwenyewe, akakagua kizibo, akaifungua kwa meno yake mwenyewe, akanywa huku akiiziba kwa kiganja kila alipoishusha, asije akatiliwa kitu. Walioona aibu kunywa mbele za watu walikwenda nazo nyumbani. Jaja hakufungua ya kwake. Aliipakata mapajani kama kifaranga mgonjwa mpaka ikawa ya moto, na hotuba ilipokwisha akairudisha kwenye kreti. Tukaandika kwamba shughuli ilifana. Kesho yake asubuhi sauti ya Jaja ilisikika mpaka barabara kuu.

Hapo ndipo nilipochukua stuli. Nilimkuta Jaja akipepeta wimbi, nikaomba ungo wa pili, nikakaa kando yake. Alinitazama kidogo, akaniambia ninapepeta kama mtu anayefukuza nzi, akanionyesha. Nikapepeta. Niliendelea mpaka ungo ulipobaki na punje safi tu. Sijawahi kuwa mtu wa subira; magoti yangu yalikuwa yakitaka kuinuka yenyewe.

"Wewe wanipenda kwa sababu ni kazi yako," alisema mwishowe, akiendelea kupepeta. "Hawa wengine, mimi nilikuja hapa hakuna mtu amekunywa kwangu. Mtu hajakunywa kwako, anangojea tu wewe kutoka. Sasa nikinyamaza watasema hapa hakuna mtu. Mimi naamka, nawaambia niko."

Nikamwuliza, kwani zile soda si kunywa pamoja? Alisonya kwa nguvu mpaka wimbi likaruka.

"Ile ya chupa? Kila mtu na yake? Hivyo ndivyo wanakunywa watu wa stendi, basi ikija kila mtu anapanda."

Nilirudi ofisini nikitembea haraka kuliko umri wangu. Kwetu Padhola, kwa Wateso, hata kwa Wasamia wengi, ukihamia mahali unawaita majirani kwenye chungu. Mwenye nyumba anatangulia kuvuta mrija, waone kwamba hakuna sumu. Mwenye kinyongo hatii mrija wake mpaka aseme kilichomo tumboni. Na mkishakunywa pamoja, kuna jambo moja halifanyiki tena: humtukani yule mtu. Unaweza kumgombeza, unaweza kumnunia msimu mzima, lakini tusi lililovuka chungu humrudia aliyelitoa. Hivyo ndivyo Jaja alivyolelewa, na hakuwa mtu wa kufuata nusu. Mradi wetu ulikuwa umekusanya watu waliogombana na dunia nzima, kisha ukapiga marufuku kile chungu wanachopatania. Tulifanya hivyo kwa nia njema na kwa herufi kubwa, kwenye ubao wa getini.

Nilimpigia Bwana Egesa. Nilimweleza yote, tena kwa hasira, kana kwamba ubao ule aliuandika yeye. Akaniuliza uzio wetu unaishia wapi hasa. Nikamwambia unaishia kwenye michongoma, na ng'ambo yake ni shamba la mtu aliyekwishavuna mahindi. Akasema siku ya Jumamosi hataweza kufika Busia kwa kuwa ana mkutano Tororo. Jumamosi Bwana Egesa hakuwa na mkutano wowote, nilijua hivyo kwa sababu mikutano yake nilikuwa naiandaa mimi.

Chungu kiliwekwa katikati ya mabua ya mahindi. Athieno alimimina maji ya moto juu ya malwa, Jaja akavuta wa kwanza, akangoja, akafuta mdomo, akamnyooshea Ojiambo mrija. Ojiambo hakuupokea. Alisema kwanza ana neno.

"Mimi nafanya kazi usiku," alisema. "Nalinda malori. Asubuhi nakuja kulala, wewe unaanza. Nikifukuzwa kazi hii, sina ingine."

Jaja alishusha mkono wake. Aligeuka akamtazama Athieno, kisha akanitazama mimi.

"Nani aliambia mimi huyu anafanya kazi usiku?" aliuliza. "Mimi naona mwanaume mzima analala mchana, kila siku mchana. Nikasema, huyu watoto wangu wasimwone."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Kwenye faili letu ilikuwepo, kazi ya Ojiambo, saa zake, hata jina la yadi. Jaja hakuwa msomaji wa mafaili yetu. Ojiambo alianza kucheka kwanza mabegani, halafu kote, akauchukua mrija, na wengine wakafuata. Mimi nilinywa pia. Kama kuna mtu anataka kulipeleka hilo mbele, nimekwishastaafu.

Baada ya hapo asubuhi za safu ya pili, waliyokaa kina Athieno na Ojiambo, zikatulia. Ojiambo akirudi kutoka kazini alikuta uji wa wimbi umefunikwa mlangoni pake. Jioni Jaja aligonga mlango wake kwa fimbo kumwamsha, maana alisema mwanaume akichelewa kazini jirani ndiye anayeaibika. Watoto wa Athieno waliacha kurusha mawe; nadhani walikuwa wakimwiga bibi yao kwa njia yao. Owor alikuwa akivuka na baiskeli asubuhi na kurudi jioni, na alirudi kweli. Nilikuwa nikipita pale bila sababu ya kikazi, nakaa kidogo, naondoka nimetulia, na mimi kutulia si jambo la kila siku.

Lakini mradi ulikuwa na sheria nyingine, iliyoandikwa tangu mwanzo na ambayo hatukuijali kwa kuwa hakuna aliyewahi kuifikia. Familia ikitengemaa, inahitimu. Ikihitimu, inatoka, iwapishe wakorofi wengine. Ilipokuja tathmini, kamati ilitazama kumbukumbu ikaona familia moja isiyo na lalamiko lolote. Wageni wa mradi, yaani wafadhili waliokuja kwa ajili ya tathmini, walifurahi sana. Walizungumzia cheti na keki.

Niliwaeleza kwamba hakuna mwenye nyumba atakayewapokea. Mji mzima wa Busia unamjua Jaja kwa sauti, na ng'ambo Kenya wanamjua kwa sifa. Wakajibu kwamba familia sasa imejengewa uwezo. Nilipompelekea Athieno habari hiyo hakulia. Aliingia ndani akaanza kukunja nguo za watoto, akizitenga mafungu manne.

Siku chache baadaye Ojiambo alikuja ofisini kulalamika. Alisimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi, amekaza uso kama mtu anayeficha kuku aliyeibwa. Alisema Jaja anamtukana tena. Kila asubuhi, vibaya sana. Nikamwuliza anamtukana vipi. Alifikiri.

"Ananiita mbuzi," alisema.

Nikamwuliza, mbuzi tu? Akasema na kondoo. Mtu aliyewahi kuambiwa mama yake alizaa godoro hawezi kunidanganya kwa mbuzi na kondoo, lakini nililipokea lalamiko lake na kuliandika kama alivyolisema, nikamwambia atatakiwa kulirudia mbele ya kamati. Akashukuru mno. Siku hiyo hiyo wakaja wengine watatu wa safu ya pili na mbuzi wao.

Kikao kilikaa kwenye ukumbi mdogo wa ofisi, Bwana Egesa mezani, wageni pembeni yake, Jaja kwenye benchi mbele na Athieno nyuma yake ameshika bega la mtoto mdogo. Mimi nilisimama mlangoni, sikuweza kukaa. Ojiambo alieleza. Majirani wakaeleza. Mgeni mmoja, mwanamke makini ambaye simlaumu, akasema malalamiko haya yamekuja ghafla na yanafanana sana, na kwamba ni haki bibi mwenyewe aulizwe. Bwana Egesa akaweka kalamu chini.

"Mama," alisema, "ni kweli unamtukana huyu jirani yako?"

Jaja aliinuka. Alijua vizuri kabisa alichotakiwa kufanya. Walikuwa wamepanga wote, niliambiwa baadaye, na kinywa kile kilikuwa na matusi ya kutosha kuwaweka pale mpaka wajukuu waoe. Alimgeukia Ojiambo. Akafungua mdomo. Nikauona ukijifunga. Bwana Egesa akarudia swali, naye akajaribu tena, na hakuna kilichotoka, hata ndiyo tupu; chungu kilikuwa kimemfunga. Nyuma yake Athieno alikuwa ameinamisha kichwa.

Ojiambo alipiga hatua moja mbele.

"Nitukane, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Tafadhali. Nitukane."

Jaja alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Akakaa chini kwenye benchi, akageukia ukuta. Mimi nililia pale mlangoni, mbele ya wageni wa mradi, na sioni haya.

Bwana Egesa aliuliza kwa mara ya mwisho, akangoja, akachukua kalamu yake. Sijui mtu wa Bulumbi aliona nini pale. Najua alikulia penye vyungu vilevile.

"Kamati imemwuliza huyu mama swali la halali, na amekataa kuijibu," alisema, akiwatazama wageni. "Amegeukia ukuta. Huo ni ukaidi wa wazi mbele ya kikao. Kwa maoni yangu familia hii bado haijawa tayari kuhitimu. Tuendelee na ajenda inayofuata."

Nje Jaja alinishika mkono, akaniuliza yule mtu wa tai alisema nini, maana Kiswahili chake kilikuwa cha ofisi. Nikamwambia amesema yeye ni mkaidi, hajafaa bado kukaa na watu.

"Huyo anajua kazi yake," alisema Jaja.

Sasa Bwana Egesa amehamishwa, mimi nimestaafu, na tathmini nyingine inakuja. Mkubwa mpya simjui. Nasikia ni mwadilifu, na mwadilifu asiyejua chungu ni nini ananitia hofu kuliko mlevi. Ndiyo maana siketi. Naamka, nazunguka ua, namhangaisha mume wangu, nafikiri juu ya yale mafungu manne ya nguo. Ninyi ndio mtakaokaa kwenye chumba kile. Ubao wa getini mnaweza kuuacha, watu wanajua michongoma inaishia wapi. Lakini sheria ya kuhitimu ifuteni. Pigeni kelele ofisini, mchukiwe kama mimi, mpaka ifutwe. Msimsimamishe tena yule bibi mbele ya watu, achague kati ya kumtukana mtu anayempenda na kuwakosesha wajukuu wake pa kulala.